Kicheko cha kitengo chako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umepewa kitengo cha watu tisa na umekikuta na mazoea yake: mzaha wa chumbani kutwa nzima, maumbo ya wenzao kujadiliwa mezani, picha za aibu kwenye kundi la WhatsApp, na kinara wa yote ni yule muuzaji wenu bora. Unasema wote wanacheka na hakuna aliyelalamika. Unauliza uingilie kati au uyaache yalivyo.

Ingilia, na iwe wiki hii.

Kicheko hicho nakijua. Niliwahi kuwa msimamizi kwenye ofisi ya namna hiyo, nami nilikiamini. Tulikuwa na karani wa hesabu, hodari kweli, naye alicheka pamoja na wengine. Siku moja akaleta barua ya kuacha kazi, ameandika kwamba amepata nafasi kwingine. Miaka miwili baadaye tukakutana, akanieleza kuwa hakuwa na nafasi popote. Alicheka kwa sababu aliyekuwa akimtania ndiye aliyemjazia fomu ya tathmini. Naumia mpaka leo, maana meza yangu ilikuwa ya tatu kutoka yake na kila neno nililisikia.

Kwa hiyo usisubiri malalamiko. Watu huondoka kimyakimya, na kwenye kumbukumbu za kampuni sababu inaandikwa nyingine. Wanaobaki hujifunza kukwepa: huyu hataki kusafiri na fulani, yule habaki jioni kumalizia ripoti, mwingine ana hoja nzuri mkutanoni lakini anaimeza kwa kuogopa kujibiwa kwa neno kuhusu mwili wake. Na siku ukimpandisha mtu cheo kwa haki kabisa, wenzake watanong'ona alivyokipata. Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu uamuzi wako mzuri nao hautaaminika.

Sheria nayo ipo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Beth Faragher, mwokoaji wa waogeleaji aliyeushtaki mji wa Boca Raton, Florida. Wakubwa wake wawili walikuwa wakimshikashika na kumtolea maneno machafu. Alimweleza msimamizi mwingine, naye hakulifikisha neno juu. Mji ulikuwa na sera ya kukataza mambo hayo, ila haikuwafikia watumishi wa ufukweni. Mji ndio uliobeba dhima. Huyo msimamizi aliyesikia akanyamaza, mwanangu, ndiye ninayemfikiria ninapokuandikia. Wewe sasa umekaa kwenye kiti kama chake.

Najua kinachokuzuia ni mauzo ya yule kijana. Februari 2017 mhandisi Susan Fowler aliandika kwamba aliporipoti bosi wake huko Uber kwa kumtaka kimapenzi, aliambiwa bosi huyo ni mchapakazi hodari na hili ni kosa lake la kwanza. Kufikia Juni mwaka huohuo kampuni ilikuwa imefukuza watu zaidi ya 20 baada ya uchunguzi, na mkurugenzi wake mkuu, Travis Kalanick, akajiuzulu. Pima hayo na mauzo ya mtu mmoja.

Anza naye peke yake, mlango umefungwa. Usimhubirie, mtajie maneno aliyosema na siku aliyoyasema, umwambie yakome. Andika tarehe ya mazungumzo. Wajulishe watu wa idara ya rasilimali watu kabla hujazungumza naye, si baada. Lile kundi lifungwe, lakini picha zisifutwe kabla hawajakuelekeza, kwani ni ushahidi. Halafu waambie wote tisa njia ya kulalamika isiyopita kwako, maana huenda siku moja wa kulalamikiwa ukawa wewe.

Nipigie ukishazungumza naye, hata kama ni usiku.

Baba yako