Kibanda jirani na shule kinauza sigara za kielektroniki: tufanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Manispaa ya Tabora. Kibanda kilicho jirani na geti la shule kinawauzia wanafunzi sigara moja moja, na siku hizi hata za kielektroniki zenye ladha ya embe. Mwenyewe anadai hizo hazina tumbaku. Mtaa wetu unaweza kuzipiga marufuku?

JIBU: Mwalimu, kwa sigara za kawaida msisubiri sheria mpya. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Peleka taarifa ya maandishi kwa afisa afya na polisi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kazi ipo kwenye hizo za kielektroniki. Sheria hiyo ilitungwa kabla hazijaingia madukani kwetu, na muuzaji wako ameuona mwanya. Lakini nyingi zina nikotini, na nikotini humnasa kijana upesi kwa sababu ubongo wake bado unakua.

Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Manispaa inayo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. (Vijijini, mfano Urambo au Kaliua, halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga, ila lazima halmashauri ya wilaya iridhie.) Anzieni kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe hoja. Rasimu itatangazwa wananchi watoe maoni, itapita baraza la madiwani, itaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa, kisha itachapishwa kwenye Gazeti la Serikali.

Pigeni kambi kwenye kifungu cha tafsiri, yaani kile kinachoeleza maana ya maneno ya sheria. Mkiandika “bidhaa za tumbaku” tu, mmempa wakili wa muuzaji utetezi. Andikeni hivi: “kifaa chochote kinachopasha kimiminika ili mvuke wake uvutwe, kiwe na nikotini au kisiwe nayo, pamoja na kimiminika chenyewe.” Hayo maneno “au kisiwe nayo” msiyaache yakafutwa, maana mgambo hana maabara ya kupimia nikotini pale kibandani.

Madiwani watasema Tabora inaishi kwa tumbaku. Ni kweli, nami naiheshimu jasho hiyo. Ila mkulima wa Sikonge huuza tumbaku yake kwa kilo kupitia chama cha msingi cha ushirika. Kibanda cha getini kwenu kikizuiwa kuuzia watoto, yeye hapotezi kitu. Mwalikeni mkulima mmoja kwenye mkutano wa maoni, awaeleze madiwani mwenyewe.