Siatika: maumivu yamehama kutoka mguuni hadi takoni, je, naweza kurudi mpirani?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 41, naendesha bodaboda, na Jumapili nacheza mpira na timu ya maveterani. Wiki 5 zilizopita niliinua gunia la mahindi, kesho yake nikaamka na maumivu yanayoanzia tako la kushoto, yanapita nyuma ya paja na shavu la mguu hadi ukingo wa nje wa unyayo. Kidole kidogo kina ganzi. Nikikohoa napigwa kama na shoti. Nimechomwa sindano za diclofenac, nikapata nafuu siku mbili tatu tu. Rafiki yangu amenishauri ninyooshe msuli kila asubuhi kwa kuinama na kugusa vidole vya miguu, lakini nikifanya hivyo mguu unawaka mchana kutwa. Wiki hii mguu wa chini umetulia, ila tako na kiuno vinauma kuliko mwanzo. Je, tatizo linapanda? Na lini nirudi kukimbia na kucheza?

Jibu

Halipandi ndugu yangu, linarudi kwao. Siatika, yaani maumivu ya neva (mshipa wa fahamu) inayotoka kiunoni kushuka mguuni, husomwa kwa mahali maumivu yanapofika, si kwa ukali wake tu. Yakitoka unyayoni, yakaishia gotini, kisha yakabaki takoni na kiunoni, neva inatulia, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa siku kadhaa. Yakishuka chini kuliko jana, umeichokoza, hata kama si makali. Shika kanuni hiyo, maana ndiyo itakayokuamulia kila hatua hapa chini.

Neva ya siatiki imeundwa na mizizi 5, kuanzia L4 hadi S3 (L ni mizizi ya kiunoni, S ni ya chini yake), inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kimto. Ulipoinama na gunia, inaelekea kiini laini cha diski kilisukumwa nyuma, kikaubana na kuuwasha mzizi mmojawapo. Njia uliyoeleza, nyuma ya shavu la mguu hadi kidole kidogo, ni ya mzizi wa S1. Ingekuwa L5, ungesikia ubavuni mwa mguu, juu ya unyayo na kwenye kidole gumba. Kikohozi hukupiga kwa sababu kinapandisha shinikizo ndani ya uti. Kujikamua chooni nako ni hivyohivyo, kwa hiyo kunywa maji na kula mboga ili choo kisiwe kigumu. Wanaotumia dawa kali za maumivu kama tramadol au codeine walisikie hili zaidi, maana dawa hizo hufunga choo.

Jipime leo. Simama karibu na ukuta, shika kwa vidole viwili tu, inua kisigino kwa mguu mmoja na uhesabu. Anza na mguu mzima, kisha wa kushoto. Andika namba zote mbili, tutazihitaji. Halafu tembea hatua 10 kwa visigino, vidole vikiwa juu. Unyayo ukianguka wenyewe, au kisigino kikakataa kabisa kunyanyuka, nenda hospitali wiki hii hii, usisubiri.

Yapo pia ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo: ganzi sehemu unazokalia kwenye tandiko (sehemu za siri, njia ya haja kubwa, mapaja kwa ndani), mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, haja kubwa kuponyoka, au miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kibofu kurudi kawaida. Na mtu mwenye homa, jasho la usiku, kukonda, au aliyewahi kuugua kifua kikuu au saratani asifanye mazoezi haya kabla ya kupimwa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, na huanza na mgongo kuuma tu.

Kama huna hayo, picha ya MRI kwa sasa haitabadilisha matibabu. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, na kipande cha diski kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe. Hata vile vikubwa, tena hivyo ndivyo husinyaa zaidi. Eksirei ya kawaida haionyeshi diski wala neva, hivyo usitupe pesa huko.

Sasa, kugusa vidole. Acha kuanzia kesho. Kinachokaza nyuma ya paja lako si msuli mfupi, ni neva iliyowashwa inayokataa kuvutwa. Ukiinama magoti yakiwa yamenyooka, unaivuta kutoka ncha zote mbili, na diski inabanwa kwa mbele kiini kikasukumwa nyuma tena. Asubuhi ni mbaya zaidi: usiku diski hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka mrefu kidogo kuliko alivyolala. Saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname kabisa. Ndoo ya kuogea iwe juu ya kigoda, ufagio wa chelewa ashike mwingine, viatu uvae mguu ukiwa juu ya kiti. Kama unaswali, swali ukiwa umekaa kwenye kiti mpaka rukuu isishushe maumivu mguuni.

Badala yake lala kifudifudi dakika 2. Jiegemeze kwa viwiko dakika 2. Kisha weka viganja chini ya mabega, sukuma kifua juu huku nyonga zikibaki sakafuni na tako likilegea, mara 10. Kosa la wengi ni kukaza tako na kuinua nyonga, wakaishia kupiga pushapu. Rudia kila baada ya saa 2 au 3. Kiuno kikiuma zaidi lakini mguu ukatulia, endelea. Mguu ukiwaka, rudi kwenye viwiko. Bado unawaka, acha. Zoezi hili halimfai kila mtu. Mzee ambaye miguu humuuma akitembea na hupata nafuu akikaa au akiinama ana tatizo la aina nyingine, na kumkunja nyuma humzidishia.

Baada ya siku 4 au 5, ongeza zoezi la kutelezesha neva. Kaa juu ya meza, miguu ikining'inia. Nyoosha goti la kushoto huku ukiinua uso kutazama dari. Likunje huku ukishusha kidevu kifuani. Neva inalegezwa juu wakati inavutwa chini, kwa hiyo inateleza bila kukazwa. Mara 10, asubuhi na jioni, na uishie kabla ganzi haijaanza. Ukichanganya mpangilio, yaani goti kunyooka na kidevu kushuka pamoja, umerudi kulekule kwenye kugusa vidole.

Kutembea ni dawa pia: dakika 10 mara tatu kwa siku, uongeze dakika 2 kila siku mbili. Kulala kitandani kutwa hakuponyi. Usiku lala ubavu wa kulia na mto katikati ya magoti.

Kuhusu sindano: diclofenac ya kunywa, kwa siku chache na baada ya chakula, inatosha kwa asiye na vidonda vya tumbo, figo, moyo wala presha. Usiichanganye na ibuprofen, ni ndugu moja. Na kuchomwa takoni kuna hatari yake: neva ya siatiki inapita humohumo, na sindano isiyochomwa robo ya juu kwa nje inaweza kuijeruhi. Inasikitisha mtu kwenda kutibiwa siatika akarudi na nyingine.

Pikipiki ni suala jingine, maana mguu wako mgonjwa ndio wa gia. Kama husikii vizuri pedali chini ya unyayo, usibebe abiria. Ukirudi barabarani, shuka kila dakika 20 au 30, simama, kunja mgongo nyuma mara 5. Kagua shokapu za nyuma. Zikifa, kila tuta linaishia kwenye diski. Mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) na magunia, acha kwanza.

Kukimbia hakufuati kalenda, kunafuata vipimo vitatu: utembee kwa kasi dakika 30 bila maumivu kuvuka tako, uruke mahali pamoja kwa mguu wa kushoto mara 10, na idadi ya kuinua kisigino itofautiane na mguu wa kulia kwa mara 2 au 3 tu. Hiki cha mwisho wengi hukiruka. S1 ndiyo inayoendesha shavu la mguu, na nguvu haiishi kurudi siku maumivu yanapoisha. Ukikimbia na shavu dhaifu, utachana msuli huo au kuumiza kano ya kisigino. Ijenge: seti 3 za kuinua visigino, siku moja ndani moja nje, kwanza miguu yote, kisha mmoja, kisha ukiwa na begi la kilo 5. Ongeza kuinua nyonga ukiwa chali, magoti yamekunjwa, seti 3 za mara 10.

Ukivipita, anza mchakamchaka siku 3 kwa wiki, kwenye udongo mgumu au majani, si mchanga wa ufukweni unaozamisha visigino. Wiki ya kwanza, kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Ya pili, 2 kwa 2, mara 6. Ya tatu, 3 kwa 1, mara 6. Ya nne, 5 kwa 1, mara 4. Kisha dakika 20 mfululizo. Maumivu madogo ya kiuno yanayokwisha kufikia asubuhi, sawa. Yakivuka goti, simama papo hapo, tembea mpaka nyumbani, na safari ijayo rudi hatua moja nyuma. Ganzi ya kidole inaweza kubaki miezi baada ya maumivu kuisha. Ikiwa haiongezeki, isikuzuie.

Mpira uje mwisho, wiki 3 au 4 baada ya kukimbia mfululizo bila tatizo. Tazama mguu unapopiga shuti: nyonga imekunjwa, goti limenyooka, mwili umeinama mbele. Ni kile kipimo daktari anachokufanyia kitandani akiinua mguu wako ulionyooka, ila sasa kwa kasi. Hivyo anza na pasi fupi za ndani ya unyayo kwa wiki nzima, kisha mbio za kugeuka, kisha mashuti ya nusu nguvu. Krosi ndefu kwa mguu wa kushoto na vichwa vya kugombea hewani, mwachie mwenzako kwa mechi 3 za kwanza.