Maswali na Majibu: Gepu ya Plagi kwenye Trekta Kuukuu la Bustani

Fundi, shikamoo. Babu kaniachia trekta dogo la bustani lenye injini ya Kohler K301, nalitumia kwenye zabibu zangu. Asubuhi linawaka vizuri, ila nikishusha jembe tu linakohoa na kuzima. Gepu ya plagi iwe ngapi? (Mpunguzi)

Marahaba. Gepu ni ile nafasi kati ya ncha mbili za plagi ambayo cheche huiruka. Angalia kwanza umeme wa cheche hiyo unatoka wapi. Kama ni wa betri na koili, weka milimita 0.9. Kama ni wa magneto, yaani sumaku inayozungushwa na injini yenyewe kuzalisha umeme bila betri, weka 0.64, kwa sababu injini ikizunguka polepole wakati wa kuwasha, magneto hutoa umeme mdogo na cheche haiwezi kuruka gepu pana.

Huko kukohoa kunanifanya niishuku plagi yenyewe. Ikitumika muda mrefu ncha zake huliwa, gepu inapanuka. Trekta likiwa halina kazi cheche bado inaruka. Ukishusha jembe, injini inavuta hewa na mafuta zaidi, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, cheche inashindwa kupenya.

Pindisha ule mguu wa pembeni peke yake. Ncha ya katikati usiiguse kabisa wala usiiegemezee bisibisi, kauri itapasuka. Kisha pima kwa fila geji, kile kipimo chenye majani membamba ya chuma: kwa injini ya betri, jani la 0.9 lipite huku likikwaruza kidogo, la 1.0 ligome. Hapo umepata. Kama ncha zimeshakuwa mviringo, nunua plagi mpya, na hiyo mpya nayo ipime kabla ya kuifunga. Nawasihi sana hapo: msiamini kwamba imetoka dukani ikiwa sawa.

Ikiendelea kukohoa, fungua platini, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke. Gepu yake ni 0.5.

Sina fila geji. Jirani anapimia msumeno wa chuma. Ni sawa? (Kongwa)

Misumeno mingi ya mkono ina unene wa karibu milimita 0.65, kwa hiyo kwa magneto itakuvusha siku hiyo. Tumia upande wa mgongo, maana meno yamepinda huku na huku yatakudanganya. Kwa injini ya betri haifai. Nunua geji, ndugu yangu.

Plagi inajaa masizi makavu meusi kila mara. Nipanue gepu? (Hombolo)

Usipanue. Masizi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa, na kwa vumbi letu la kiangazi mimi naanzia kwenye eakilina, yaani kichujio cha hewa. Ikiwa safi, tazama kama choki, kile kilango kinachobana hewa wakati wa kuwasha, inafunguka yote. Plagi usiisafishe kwa kupuliza mchanga. Chembe hubaki ndani na zitakula silinda. Na kabla ya kuifungua, puliza vumbi lililozunguka shimo lake, la sivyo litadondokea ndani.

Pawatila yangu ni ya dizeli, plagi sijaiona. (Manyoni)

Haina plagi ya cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Ikisumbua kuwaka, anzia kwenye mafuta na nozeli inayoyapuliza ndani ya silinda.

Plagi nikaze kiasi gani? (Bahi)

Injini iwe imepoa. Izungushe kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana: mpya yenye washa (ile pete yake ya chuma), nusu mzunguko, ya zamani, robo au chini ya hapo. Silinda hedi nyingi za injini hizi ni aluminiamu, na uzi wa shimo la plagi ukishaliwa, gharama yake ni kubwa kuliko plagi kumi.