Mkate wa kumimina hauharibiwi na hamira

Kila Ramadhani ikikaribia, mabinti wa ukoo hunipigia simu na lalamiko lile lile: "Mkate wangu wa kumimina hauumuki, hamira itakuwa mbovu." Mimi huwauliza moto waliupanga vipi. Mara nyingi simu hunyamaza kidogo.

Nilianza kupika nikiwa na miaka saba, nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu, na kwa karibu mwaka mzima bibi hakuniruhusu kugusa unga. Kazi yangu ilikuwa kukalia mbuzi. Nikune nazi, nikamue, nichuje kwa kifumbu, nitenge tui zito na tui la pili, chicha nipelekee kuku. Nililia sana. Lakini ndiko nilikojulia tui kwa mkono, na ukilijua tui, nusu ya jikoni la Mswahili umeshaingia.

Haya, mkate wenyewe. Roweka mchele vikombe viwili usiku kucha. Asubuhi umwage maji, usage na tui zito kikombe kimoja na nusu, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira, mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga. Iliki nunua nzima, uitwange mwenyewe. Ile ya kopo iliyosagwa hata harufu imeshaikimbia. Funika uumuke, kisha utie sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja uliopigwa. Msimu wa kusi, Juni na Julai, rojo huchelewa. Usiongeze hamira, subiri tu. Kaskazi ikivuma na joto lake, usiende sokoni ukaliacha, utarudi ulikute limechacha.

Sasa moto. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilipika mkate huu kwa futari ya ukweni. Nilijaza makaa chini kama mtu anayechemsha maharage, juu ya kifuniko nikatia vipande vitatu vinne. Chini ukaungua ukawa mweusi, juu ukabaki uji. Mama mkwe alikata pale palipoiva, akawagawia watu, wala hakusema neno. Kesho yake alasiri akaniita: "Mwanangu, ndoo ukae hapa." Akaondoa makaa ya chini karibu yote, akabakisha machache pembeni mwa jiko. Sufuria akaipaka samli, akaipasha, akamimina rojo, akaacha lianze kutoa vitundu. Ndipo akafunika na kupanga makaa yaliyokolea juu ya kifuniko, mengi pembezoni, machache katikati. Hakutazama saa hata mara moja. Harufu ilipobadilika akafunua, akachoma kijiti katikati, kikatoka kikavu.

Oveni ya umeme ninayo, niliidundulizia pesa miaka miwili. Kwa keki na biskuti siisemi vibaya. Kwa kumimina, hapana: mkate unaiva, ila ile rangi ya juu na harufu ya makaa havipo, na umeme ukikatika saa kumi na moja jioni mwezi wa Ramadhani utajua hujui.

Kosa langu jingine linaniuma zaidi. Bibi alipima kila kitu kwa kikombe kimoja cha bati chenye ua jekundu, na mimi sikuwahi kukipima kinachukua kiasi gani. Alipofariki, kikombe hakikuonekana. Halua yake mpaka leo sijaipata. Naisonga, naisonga, inatoka tamu lakini si yake. Kama una bibi au shangazi anayepika kwa kukadiria, nenda kwake na kikombe chako. Mwache apime kwa chake, wewe umimine kwenye chako kabla kitu hakijaingia chunguni, uandike. Usimuulize "kiasi gani?" Atakujibu "kiasi," basi.

Na usianze na vitu kumi. Shika kimoja, ukipike kila Ijumaa mpaka familia ichoke. Mimi nilishika mahamri mwanzo, na kaka zangu walikuwa wakiyaita mawe ya gatini. Waliyala hivyo hivyo, na mbaazi za nazi.

Binti yangu sasa ana miaka minane. Bado yuko kwenye mbuzi, na bado analia.