Kabla hujamwita fundi wa ukuta, angalia kinachoota korongoni

Nilipohamia kwenye kiwanja changu nje kidogo ya mji wa Arusha, nilikuta upande wa barabara kuna uzio wa saipresi wa mita 40 hivi. Ulikuwa mzito, wa kijani, umekatwa ukanyooka. Nikajiona nimepata bahati. Mwaka wa pili ukaanza kuwa wa kahawia kwa ndani, kisha matawi mazima yakakauka, na kiangazi kilipofika ungeweza kusimama barabarani ukahesabu vyombo vyangu kwenye kichanja.

Nilijaribu kuuokoa kwa kuukata sana, nikiamini utachipua upya, na hapo ndipo nilipoumaliza. Saipresi ukishaikata hadi kwenye mti mkavu usio na majani, haichipui tena. Tena mti huo kwao ni Meksiko na nchi za jirani yake, na huku kwetu una adui yake: kidukari anayefyonza utomvu wa matawi. Alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Kenya. Nyua nyingi za saipresi katika ukanda wetu zilikauka kwa sababu yake. Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nina mita 40 za kuni.

Fundi akaja kupima ukuta wa tofali. Bei aliyonitajia ilinifanya nianze kutembea. Nasema kutembea kwa maana yake halisi: kila Jumapili jioni nilishuka kwenye korongo lililo nyuma ya mtaa wetu, kuangalia ni vichaka gani vimebaki vya kijani mwezi wa Septemba, wakati ng'ombe, mbuzi na jua vimeshamaliza vingine vyote. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau yote mengine, huu ubaki nao. Kiangazi kikikolea, nenda mahali pasipo na mtu wa kumwagilia, uone nini kimesimama. Hicho ndicho kitakachosimama kwako.

Korongoni kwetu kilichosimama kilikuwa mtandamboo. Wamasai wanauita olamuriaki, na mizizi yake huchemshwa kwenye supu ya nyama. Ni kichaka chenye majani madogo ya kijani kilichoiva, magumu kidogo, yanayong'aa, na miiba iliyonyooka inayokaa miwili miwili, kila mmoja umeelekea upande wake. Ukivunja kijitawi kinatoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni meupe yenye wekundu kwa nje, na harufu yake jioni ni kama ya asmini. Matunda ni madogo kuliko zabibu, huanza mekundu na yakiiva huwa ya zambarau inayokaribia weusi. Ni matamu. Watoto wanayajua kuliko sisi.

Hapa lazima nikuzuie kidogo. Mtandamboo una ndugu wa ukoo mmoja, nao Wamasai wanauita olmorijoi. Huo ndio mti ambao tangu zamani sumu ya mishale inachemshwa kutoka kwake. Majani yanafanana, maua meupe yenye harufu yanafanana, utomvu mweupe upo kwa wote wawili, hata matunda yana rangi ileile. Tofauti iliyo rahisi ni miiba: mtandamboo unayo, olmorijoi hauna. Kwa hiyo usiokote mbegu zilizodondoka chini. Chuma tunda kutoka kwenye tawi lenye miiba unayoiona kwa macho yako, na kama una shaka, mwombe mwenyeji anayeijua miti akusindikize. Kwenye uzio ambao watoto watakuwa wanachuma na kula, hili si jambo la kubahatisha.

Nilichuma matunda yaliyoiva kabisa, nikayaponda kwenye ndoo ya maji, nikaosha mbegu mpaka utelezi ukaisha, nikazianika kivulini siku mbili. Usiziweke kabatini zikakaa miezi, zisie zingali mbichi. Nilijaza viriba udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza, nikaweka mbegu mbilimbili kila kiriba na kuvitia chini ya kivuli cha majani ya migomba. Zilichelewa kidogo kuota, kisha zikaota kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Baada ya hapo ndipo uvumilivu unapohitajika, maana mtandamboo haukimbii. Miche yangu ilikaa kitaluni karibu mwaka mzima kabla ya kufika urefu wa kiganja na nusu.

Wakati huo wa kusubiri usipotee bure. Nilichimba mtaro badala ya mashimo: upana wa futi mbili, kina cha sentimita 45, nikarudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi. Mvua za masika zilipokolea mwezi wa Aprili nikapanda mistari miwili, mche na mche sentimita 50, mstari na mstari sentimita 30, ile miche ya mstari wa pili ikikaa mkabala na nafasi za mstari wa kwanza. Kwa mita 40 hiyo ni miche 160. Ninakushauri uoteshe 200, kwa sababu mchwa watachukua fungu lao na mbuzi wa jirani watachukua lao. Nilizungushia matawi makavu ya miiba pande zote mbili, na yalikaa hapo miaka miwili. Uzio mchanga wa mimea unahitaji uzio wake wa kuulinda, na wengi wanaosema "nilipanda ikashindikana" ukiwauliza vizuri utakuta ni mbuzi.

Kiangazi cha kwanza nilimwagilia kila mche kopo la lita moja mara mbili kwa wiki, na nikaweka matandazo ya mabua kuuzunguka mche, nikiyaacha mbali kidogo na shina ili yasivutie mchwa. Kiangazi cha pili nilimwagilia mara moja kwa wiki. Cha tatu sikumwagilia kabisa.

Kuhusu kukata: kata mapema, na kata kwa moyo mgumu. Miche ilipofika magotini niliikata nusu. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nina akili timamu, baada ya kungoja muda wote ule. Lakini mche ukiachwa urefuke utakupa uzio wenye kichwa kizito na miguu mitupu, na mbwa, kuku na mwizi wote hupita miguuni. Ukikatwa ungali mdogo unatoa matawi chini kabisa, yanashikana na ya jirani yake, na miiba inafunga njia. Kisha kila unapokata, acha chini pawe pana kuliko juu, ili jua lifike hadi kwenye majani ya chini. Ukinyoosha pande kama ukuta, au ukaacha juu pawe pana, majani ya chini yatakosa mwanga na utaanza kuona barabara tena. Vaa glovu za ngozi. Miiba ile inaingia ndani na kukatika.

Leo ukiwa na miaka sita, uzio huo unanifika kifuani upande mmoja na begani upande mwingine, kwa sababu upande mmoja udongo ni kifusi. Haujanyooka kama ule wa saipresi. Ila shore na pasa wanashinda humo, na wakati wa maua nyuki wanasikika hadi barazani.

Upande wa bafu la nje na jikoni, haja yangu ilikuwa nyingine. Pale sikuhitaji miiba, nilihitaji kitu kirefu kinachoziba macho ya watu, na kinachokua haraka. Nilipanda mkaa-pwani, ambao pamoja na jina lake hauishi pwani tu, huku kwenye vilima vikavu umejaa. Majani yake ni membamba, yananata ukiyashika, na mifugo haiyapendi, jambo ambalo peke yake linatosha kuupa alama za juu. Mbegu zake zimo ndani ya vifuko vyepesi vyenye mabawa kama karatasi, vinavyogeuka vyekundu au kahawia. Mbegu ina ganda gumu, hivyo imwagie maji ya moto yaliyotoka jikoni, uiache humo mpaka kesho yake, ndipo usie. Nilipanda mstari mmoja, nafasi ya mita moja. Ndani ya miaka mitatu tulikuwa tunaoga bila kujifunga kanga mpaka mlangoni.

Kwa jirani yangu wa mashariki nilitaka kuendeleza miiba ileile. Nilipokwenda kumwambia, mama huyo, Mchaga wa Machame, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, kwa barabarani weka miiba. Mimi na wewe tuweke masale." Nikasema, "Sawa, mama." Akanikatia mwenyewe fimbo za kupanda.

Kwa asiyefahamu, isale ni ule mmea wenye shina la fimbo na majani marefu ya kijani yanayoinama kama ya mahindi. Katika vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga, ndio unaoonyesha mpaka kati ya mtu na mtu, na ndio jani analopelekewa mtu unapokwenda kumwomba msamaha. Kung'oa masale ya mpakani ni kesi nzito kuliko kuvunja ukuta. Kwa bustani, sifa yake kubwa ni kwamba hustahimili kivuli. Chini ya migomba, mahali ambapo mimea mingi ya uzio hurefuka na kunyong'onyea, masale husimama vizuri. Kata fimbo ya urefu wa mkono, chomeka wakati wa mvua, funga mdomo. Haitazuia mwizi wala mbuzi, na haikuletwa kwa kazi hiyo. Inaziba kiasi cha kila mtu kukaa kwake, na bado tunaweza kupokezana chumvi katikati ya majani.

Sasa kuhusu mnyaa, ambao wengi mtauliza. Ni mmea wetu hasa. Neno Manyara lenyewe linatokana na jina la Kimasai la mmea huu, kwa kuwa ndio uliozungushiwa maboma. Hauliwi na mifugo, unavumilia ukame, na ukichomeka tawi lililoachwa siku kadhaa kivulini jeraha likauke, linashika. Lakini mimi niliung'oa. Kijana aliyekuwa akinisaidia kuukata kwa panga alirukiwa na utomvu jichoni. Tulimwosha kwa maji mengi kwa muda mrefu, tukamkimbiza hospitali, na hakuona vizuri kwa siku mbili. Alipona, namshukuru Mungu. Kama una eneo kubwa la malisho, mbali na nyumba, mnyaa ni mali. Kwenye kiwanja cha mjini chenye watoto, sikushauri hata mita moja.

Vilevile usikubali kila unachouziwa kitaluni kwa jina la "michongoma". Jina hilo linabeba mimea zaidi ya mmoja. Kuna mchongoma wetu wa asili, wenye matunda mekundu yanayoliwa, yule wa methali ya kupanda na kushuka. Kuna na mingine iliyotoka Amerika na Asia inayoitwa hivyohivyo kwa sababu tu ina miiba. Muulize muuzaji mti mama uko wapi, ukauone. Lantana usiipande kabisa, hata kama maua yake yamekupendeza: ndege wanakula mbegu na kuzisambaza, na malisho ya watu wengine yanageuka kichaka. Na duranta, ile yenye maua ya zambarau na vitunda vya njano vinavyoning'inia kama shanga, imejaa kwenye nyua za mijini, lakini vitunda vyake ni sumu na vinawaita watoto.

Mliopo pwani, korongo lenu litakuonyesheni vingine. Ningeanza na mkwamba na mhina. Mhina unakatika vizuri, maua yake yananukia nyumba nzima, na harusi ikija majani hayanunuliwi. Wenzetu wa nyanda za juu za Kenya wana kaiyaba, ambayo asili yake ni kusini mwa Afrika lakini imeshazoea huko. Miiba yake ni mirefu ya kutisha, na ukitaka matunda kumbuka kuna miti dume na miti jike, hivyo panda mingi.

Kwangu bado kuna pengo la mita tatu kwenye kona, mahali gari la mchanga lilipogeuzia wakati tunajenga. Nimepanda pale mara mbili ikafa. Mwezi uliopita nilichimba nikakuta kokoto na saruji iliyoganda, sentimita 20 chini. Nimeitoa yote, nimejaza udongo na samadi, na nina miche kumi na minne kwenye viriba inayosubiri mvua za vuli.