Kufupisha if/else kwenye Python

Ndugu, umeuliza kama mistari yako minne ya if/else ya kupanga nauli (mwanafunzi 200, wengine 600) inaweza kufupishwa. Inaingia kwenye mmoja tu:

nauli = 200 if mwanafunzi else 600

Isome kama unavyoongea: mia mbili akiwa mwanafunzi, la sivyo mia sita. Ipo tangu Python 2.5, mwaka 2006.

Ila ile uliyojaribu mwishoni, nauli = maalumu or 600 (yaani tumia nauli maalumu ya abiria, isipokuwepo tumia 600), kaa nayo chonjo. Maalumu ikiwa 0, Python inaihesabu kuwa si kweli, na abiria uliyetaka apande bure anadaiwa mia sita nzima! Hapo andika hivi, None ikimaanisha hakuna nauli maalumu iliyowekwa:

nauli = maalumu if maalumu is not None else 600

Masharti yakizidi mawili, rudi kwenye if ya kawaida. Niliwahi kubananisha matatu kwenye mstari mmoja, wiki iliyofuata mwenyewe sikuelewa nilichoandika.