Pancha za miiba: kabla hujanunua tyubu nyingine

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa. Uko Kishapu, unakwenda kazini kwa baiskeli, pancha haziishi, na sasa umeshauriwa mambo matatu: tyubu nene, dawa ya pancha (ule ute unaomiminwa ndani ya tyubu), au tairi lisilojazwa upepo. Mimi nimebeba maziwa kwa baiskeli ya Phoenix kutoka vijijini kuingiza Shinyanga mjini kwa miaka, baadaye nikashinda kijiweni nikiziba pancha za wenzangu. Nakujibu kama mtu aliyepita njia hizo hizo unazopita.

Maadui huku kwetu nao ni watatu. Wa kwanza ni mgunga, ule mti wa miiba. Mwiba wake mrefu ukiukanyaga vizuri unapita tairi, tyubu, wakati mwingine unatokea upande wa pili, na upepo unaisha hapo hapo. Tangu HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) waanze kazi mwaka 1986 na ngitili, yale malisho yanayotengwa, zikafufuka, migunga imerudi kwa wingi. Mbuzi wanafurahi, mvua angalau ina pa kushika, ila tyubu zetu ndizo zinazolipa. Mbaya zaidi ni yale matawi ya kuzungushia zizi: mtu anayaburuta njiani, kila hatua chache anaacha zawadi.

Wa pili ni mbigiri. Huu mmea unatambaa chini, una maua madogo ya njano, na unapenda udongo uliochezewa: kingo za barabara, viwanja vya minada, njia za ng'ombe. Tunda lake likikauka linapasuka vipande, kila kipande kina ncha zaidi ya moja, na kikilala vyovyote ipo ncha inayotazama juu. Mvua zikikatika ndipo zinakomaa. Ukipita juu ya mbigiri hupati tundu moja, unapata kundi.

Wa tatu wengi hawamjui, na kama unatumia lami ndiye anayekumaliza: waya wa tairi la lori. Malori ya mizigo yakipasua tairi, zile nyuzi za chuma zilizofumwa ndani zinamwagika pembeni mwa barabara, pale pale tunapokimbizwa sisi wa baiskeli. Ni nyembamba kama unywele na fupi kuliko ukucha. Macho hayauoni ukiwa umesimama wima.

Sasa shika hili, ndilo jibu langu lenyewe: waya na mbigiri mara nyingi havitoboi siku ile ile. Vinachoma kwenye mpira wa tairi, kisha kila gurudumu linapozunguka vinasukumwa ndani kidogo, mpaka kesho au keshokutwa vinaifikia tyubu. Katikati hapo una nafasi. Jioni ukifika nyumbani pindua baiskeli, zungusha gurudumu taratibu kwenye mwanga, na kila ukionapo kidoa kinachong'aa au kijitundu kilichoziba mchanga, kichokonoe kwa pini. Chai haijachemka umeshamaliza magurudumu yote mawili. Wabeba mkaa ninaowafahamu ambao hawasumbuliwi na pancha, wote wana tabia hii, na wengi wao wanatembelea tyubu za kawaida kabisa.

Pancha ikishatokea, usikubali fundi azibe tyubu na kurudisha tairi bila kulikagua. Hapo ndipo inazaliwa ile "tyubu mbovu" ya pancha kila wiki, kumbe ncha ni ile ile imebaki ndani ya tairi, imekatikia humo. Kabla tyubu haijatolewa, weka alama kwenye tairi mkabala na valvu. Tundu likionekana, pima umbali wake kutoka kwenye valvu, kisha tafuta sehemu hiyo hiyo kwenye tairi. Pitisha pamba au kitambaa laini kwa ndani, kikinasa umemkamata. Usipitishe kidole kitupu, waya utakukata. Kama hakinasi, likunje tairi kwa nje ili ufa ufunguke, utaiona ncha.

Tundu lenyewe pia linaongea. Likiwa upande unaolalia rimu, usiulaumu mwiba: ni kichwa cha spoku kimechomoza, weka mkanda mzuri wa rimu. Yakiwa mawili yamekaa sambamba, upepo ulikuwa mdogo, ukagonga jiwe na rimu ikaibana tyubu. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kifuate, hasa ukibeba abiria au mzigo. Najua wengi wanapunguza upepo ili wasitikisike. Tairi lililolegea linatandaza uso mpana zaidi barabarani, na unazoa uchafu mwingi zaidi.

Nije kwenye ushauri uliopewa. Tyubu nene inasaidia kwa mbigiri kwa sababu ncha zake ni fupi. Kwa mgunga ni pesa ya bure. Badala yake ningechukua tairi kuukuu, nikakata kingo zote mbili zenye waya, nikavalisha huo mkanda kati ya tairi na tyubu. Kingo za mkanda huo uzichonge ziwe nyembamba na uzisugue kwa msasa, la sivyo zitaikwangua tyubu hadi itoboke. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, kwa mbeba mzigo si tatizo. Ila tairi la nje likiwa kipara, hayo yote hayakusaidii. Badilisha.

Dawa inafanya kazi kwa matundu madogo, lakini angalia valvu yako kwanza. Kama ni ile ya kizamani yenye kimpira chembamba, dawa itakiganda na hutaweza kujaza upepo. Inafaa kwenye valvu kama ya pikipiki, ambayo moyo wake unafunguliwa. Halafu dawa inakauka humo ndani, hasa kwa joto letu, kwa hiyo si kitu cha kuweka na kusahau. Na siku tundu likiwa kubwa, kubandika kiraka kwenye tyubu iliyolowa ule ute ni kazi ya kukasirisha.

Tairi lisilo na upepo sikushauri kabisa. Kwenye lami tupu labda. Kwenye makorongo yetu, mtikisiko wote unakwenda kwenye rimu na spoku, na utahama kutoka kwa fundi wa pancha kwenda kwa fundi wa kunyoosha rimu, ambaye ni ghali zaidi.

Tuwekee hapa picha ya valvu na ubavu wa tairi lako, na useme kama njia yako ni ya lami au ya vumbi. Kama ni vumbi tupu, anza na ule mkanda wa tairi kuukuu, dawa iache kwanza.